Kesi Isikilizwe Serres

Serres, 4 Februari 1996

Kumbaro wangu Prodromos,

Mkataba wako umefika jana kwa posta. Kurasa thelathini na moja, Kijerumani upande mmoja na Kigiriki upande wa pili, na Kigiriki chenyewe kimeandikwa na mtu ambaye hajaongea na mama yake siku nyingi. Nimeusoma wote. Nimewasha tanuri nikisoma, nimefunga duka nikisoma. Na usinipigie simu kuuliza nimeonaje. Maneno ya simu huruka, mimi nataka kitu cha kuweka kwenye droo.

Nakupa jina la baba yangu ulitundike juu ya mlango wa duka lako huko Stuttgart. Neno hilo nililitoa siku ya Mtakatifu Dimitri na silirudishi mdomoni. Kifungu cha nne nimekipenda sana, kwa sababu nilikiandika mimi: utando wa unga utavutwa kwa mkono, kama unavyovutwa katika duka la Serres, na atakayetumia mashine atashusha kibao. Umekikubali bila kubishana, nikajisemea, kumbe kiwanda cha magari hakijamla akili huyu.

Halafu nikafika kifungu cha kumi na tisa. Mkataba utaongozwa na sheria za Ujerumani, na ugomvi wowote utaamuliwa na mahakama ya Stuttgart. Nikavua miwani, nikaifuta kwa aproni, nikasoma tena.

Prodromos, baba yangu Lazaros aliingia mji huu akiwa na miaka tisa, mkimbizi asiye na viatu wala karatasi. Alichokuja nacho ni kile alichomwona baba yake akikifanya: kuchukua donge la unga, kulirusha na kulizungusha hewani mpaka liwe shuka, kisha kulilaza juu ya marumaru likiwa jembamba hata ukiweka gazeti chini yake unasoma habari. Miaka sitini watu wa Serres walikula kwake bugatsa kabla ya kazi, utando huo ukikunjiwa krimu au jibini na kuokwa, mahakimu na wezi kwenye meza moja. Sasa siku tukikosana, nani ataamua kama utando umevutwa na vidole au umetapikwa na mashine? Mzee wa Stuttgart ambaye tangu azaliwe asubuhi anakula soseji?

Mcheza kwao hutunzwa. Andika sheria za Ugiriki na mahakama ya Serres. Hapa hata mpiga mhuri wa mahakama akigusa pindo la utando anajua.

Nibusie Efterpi. Na lile neno tuliloapiana siku nilipomtoa kwenye maji ya ubatizo liko palepale: mtoto yule atashika kalamu, hatashika unga. Kwetu mikono iliyochakaa imetosha. Mji mzima unajua kwamba mtoto wangu wa ubatizo anasoma sheria Tübingen. Nawaambia wateja hata wasiouliza.

Kumbara wako,
Polixeni Karamanidou


Stuttgart, 19 Februari 1996

Kumbara Polixeni,

Barua yako nimeitafsiri kwa wakili wangu, Bwana Häberle. Ni mtu mtulivu, tangu nimjue hajawahi kupandisha sauti, lakini tulipofika kwenye soseji alikohoa kidogo. Anasema duka liko Stuttgart, tanuri liko Stuttgart, walaji wako Stuttgart, kwa nini kesi ndiyo ipande ndege? Anasema akisimama mahakama ya Serres atakuwa bubu mwenye digrii.

Mimi nakuuliza jambo jingine, na nauliza kwa heshima. Tangu lini kumbari, watu waliofungwa pamoja na harusi na ubatizo, wakashtakiana? Wewe ulinisimamia harusi, ukambatiza binti yangu. Marehemu mama alikuwa akisema anayemshtaki kumbaro wake atazikwa bila kengele. Kifungu hicho kimewekwa kwa ajili ya watu wasiojuana. Kiache kikae humo, hakitatufanya kitu.

Miaka ishirini na miwili nimefunga skrubu za giaboksi ambazo sikuwahi kuona gari lake. Nataka mlango mmoja wenye jina la kwetu juu yake, nife nikiwa nimeufungua mwenyewe. Fundi nimeshampata, ni Thomas, yule aliyekuwa duka la karibu na stesheni hapo Serres. Yeye ndiye atakayevuta. Mimi mikono yangu unaijua, utando ukiniona unachanika kabla sijaugusa.

Bwana Häberle ana njia ya katikati: sheria za Uswisi, mahakama ya Zurich. Si kwako, si kwangu.

Efterpi anakubusu mikono. Yuko kwenye vitabu vyake.

Prodromos Seferidis


Serres, 3 Machi 1996

Kumbaro,

Zurich. Nimelisoma hilo mbele ya wateja, na mzee wa duka la viatu akamwaga kahawa yake kwa kicheko. Si kwako, si kwangu, maana yake si kwa mtu yeyote. Mwambie Bwana Häberle kwamba mbuzi wa watu wawili hufa na njaa.

Unaniuliza tangu lini kumbari wakashtakiana. Basi sikiliza, maana hapo ndipo penyewe. Nataka Serres kwa sababu hapa mimi nitaona haya kukushtaki, na wewe utaona haya kunidanganya. Nitapanda ngazi za mahakama mbele ya padri, mbele ya muuza samaki, mbele ya dada yako. Stuttgart nani atatuonea haya? Tutashtakiana kama watu wanaogombea mahali pa kuegesha gari. Mahakama ya mbali haiwaogopeshi watu, Prodromos. Inayowaogopesha ni ile ambayo ukitoka unakutana na shangazi yako.

Na usidhani naogopa kesi. Mimi kila alfajiri najifungia chumba cha nyuma, kama baba alivyokuwa akifanya, mlango na komeo, na hakuna mfanyakazi anayeingia mpaka utando uwe tayari. Mkono una siri yake. Sina cha kuficha zaidi ya hiyo.

Serres, au jina libaki Serres.

Polixeni


Stuttgart, 22 Aprili 1996

Kristo amefufuka, kumbara.

Umeshinda. Kifungu cha kumi na tisa sasa kinasema sheria za Ugiriki na mahakama ya Serres, peke yake, bila nyingine. Bwana Häberle ametia saini kama shahidi kwa uso wa mtu anayemsindikiza maiti. Ameniuliza kama wanawake wote wa kwetu wako hivi. Nimemwambia hapana, wewe ndiye mpole wao.

Kibao kinapakwa rangi leo. "Lazaros", herufi za bluu.

Prodromos


Serres, 30 Novemba 1996

Prodromos,

Dereva wa basi la Stuttgart, Anestis, amenipitishia sinia la bugatsa yako. Alilibeba mapajani njia nzima akidhani ananifurahisha.

Sikuila. Niliifungua utando mmoja mmoja, nikauinua kwenye dirisha. Kumbaro, mimi nimekulia chini ya meza ile ya marumaru. Utando wa mkono una pindo nene pale vidole vilipoukamata, una sehemu ulipochoka na sehemu ulipopata nguvu. Wa kwako uko sawa toka ncha hadi ncha. Hakuna mtu anayevuta hivyo. Baba hakuvuta hivyo.

Na jana nimemwona Thomas, fundi wako, anacheza karata kwenye mkahawa wa stesheni. Nikamuuliza amekuja likizo? Akaniambia amerudi tangu Julai, hakuiweza baridi ya watu wa huko. Tangu Julai, na wewe umeniandikia Agosti, umeniandikia Oktoba, hukuthubutu kulitaja.

Wewe huwezi kuvuta. Thomas hayupo. Basi nani anavuta? Nijibu neno moja tu, na liwe jina la mtu.

Polixeni Karamanidou


Stuttgart, 12 Desemba 1996

Kumbara,

Naapa kwa ubatizo wa mtoto wangu, uliousimamia wewe, hakuna mashine katika duka hili. Ni mkono wa mtu.

Habari za Thomas nilikuficha, na hilo ni kosa langu. Niliogopa utasema bila fundi hakuna jina. Lakini jina la anayevuta siwezi kukutajia. Nimeahidi. Kama ungejua kwa nini nimenyamaza, usingekasirika. Au ungekasirika kwa jambo jingine kabisa.

Niamini hili moja.

Prodromos


Serres, 8 Januari 1997

Bwana Seferidis,

Mtu anayevuta vizuri kuliko baba yangu, halafu hana jina. Hadithi hiyo wasimulie wanao.

Nimefungua shauri leo asubuhi katika mahakama ya Serres, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tisa. Naomba jina la baba yangu lishushwe mlangoni pako. Nilipanda zile ngazi kwa miguu yangu. Padri aliniona na muuza samaki aliniona, na dada yako alivuka barabara asinisalimie. Haya niliyokuambia nitaiona, nimeiona, na bado nimepanda.

Polixeni Karamanidou


Stuttgart, 20 Novemba 1997

Bibi Karamanidou,

Tarehe imepangwa, Ijumaa tarehe 27 Machi mwakani. Nimeweka wakili wa hapo Serres. Kijana huyo amesoma mkataba kwa makini kuliko sisi wawili, na nakuarifu alichoomba ili usiseme nimekuvizia.

Kifungu cha nne, ulichokiandika mwenyewe, hakisemi tu "kwa mkono". Kinasema "kama unavyovutwa katika duka la Serres". Kwa hiyo kipimo ni duka lako. Wakili ameomba jaji aje aone kwa macho yake jinsi utando unavyovutwa katika chumba chako cha nyuma, kisha alinganishe na wa kwetu, utakaovutwa hapohapo na yule anayevuta Stuttgart. Jaji amekubali.

Mimi sitakuja. Daktari amenikataza safari kwa ajili ya moyo. Atakuja mwenye mikono.

Prodromos Seferidis


Serres, 15 Februari 1998

Mwanangu Efterpi,

Barua hii usimwonyeshe baba yako. Nakuandikia kama mtoto niliyemtoa majini, na nakuandikia kama mwanasheria, maana umekaa kwenye vitabu miaka minne na huku sina ninayeweza kumuuliza bila mji mzima kujua kabla ya mchana.

Nitaanza na lililo dogo. Nilipigana na baba yako kufa na kupona ili kesi isikilizwe na mtu wa Serres aliyekula bugatsa yetu tangu ana meno ya utotoni. Sasa nimeambiwa jaji ni nani. Ni mama mmoja, Frangaki, wa kutoka Krete, kahamishiwa hapa mwezi wa tisa. Kumbe majaji hawapangiwi kazi kwao. Mimi nimeishi hapa miaka sitini na tatu, mahakimu wamekula kwangu maisha yao yote, na sikuwahi kujiuliza kwa nini kila mmoja alikuwa na lafudhi ya kwingine. Na Krete wana bugatsa yao, ya jibini chachu, na wanajiona. Isitoshe, siku yenyewe ni Ijumaa ya Kwaresima. Huyo mama anafunga, nimeulizia. Haonji krimu, haonji jibini, haonji chochote. Nimedai mahakama yenye ulimi, nimepewa yenye macho tu.

Sasa lililo kubwa.

Mimi sivuti tena. Tangu vuli ya mwaka 1994 vidole vyangu havikunjuki. Kuna mashine katika chumba cha nyuma, nyuma ya magunia. Niliileta Jumapili watu wakiwa kanisani. Ninapojifungia komeo alfajiri na kuwaambia wafanyakazi ni siri ya baba, siri ni hiyo. Nilipoandika kifungu cha nne ilikuwa imeshakaa humo karibu mwaka na nusu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ukiniuliza kwa nini nilikiandika, nilitaka angalau sehemu moja duniani jina la baba lifanyiwe kazi kweli, hata kama si mimi. Ndiyo maana sinia lile liliniumiza. Nilidhani na huko pia limekufa.

Niambie, mwanasheria wangu, mtu anaweza kuondoa shauri na bado akatembea sokoni? Au nifanyeje na ile mashine, niitoe kabla hawajaja?

Nona wako wa ubatizo,
Polixeni


Stuttgart, 1 Machi 1998

Nona wangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na aproni nimeifunga, na unga hadi viwikoni. Ndiyo. Mwenye mikono ni mimi.

Usimlaumu baba. Thomas alipoondoka, tanuri lilikuwa la moto na watu wako kwenye foleni hadi nje, baba amesimama na donge mkononi analia. Nikalichukua. Sikufikiri, nililichukua tu. Nilimwapisha asikuambie kwa sababu ya neno lako la kalamu na unga. Kila mwaka unaniandikia jinsi unavyojivuna kwa watu wa Serres juu yangu. Ningekuambiaje kwamba tangu saa kumi alfajiri nipo kwenye marumaru, ndipo saa mbili nipande treni kwenda darasani? Ndiyo, naenda bado. Mtihani wa mwisho ni Mei.

Ulimwandikia baba kwamba hakuna mtu anayevuta sawa ncha hadi ncha. Nona, nani alinifundisha? Kila kiangazi nikija kwako ulikuwa ukinipa donge lililobaki ili nisikusumbue. Ukaniambia, huku unahudumia wateja, hata hukunitazama: mtoto, pindo likiwa nene likate, anayekula asijue ulipolishika. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nimelikata pindo tangu siku hiyo. Wewe mwenyewe ulikuwa na haraka, hukuwa na muda wa kulikata la kwako.

Umeniuliza kama mwanasheria, nakujibu kama mwanasheria. Shauri unaweza kuliondoa wakati wowote, ni lako. Mashine usiiguse. Jaji akikuta sakafu ina alama za kitu kilichoburutwa, atauliza, na wewe hujui kusema uongo ukitazamwa. Umeweza miaka mitatu kwa sababu ya komeo.

Na nakujibu kama mwanao. Ulishinda kifungu cha kumi na tisa kwa kusema Serres ni mahali ambapo watu wanaoneana haya. Nitakuja Serres. Tuone kama kuna cha kuonea haya.

Efterpi


Serres, 29 Machi 1998

Kumbaro wangu Prodromos,

Nilisema sitakuandikia tena hivi, nimesema mengi. Keti. Umekunywa dawa? Basi soma.

Walikuja saa nne: jaji, karani wake, mawakili wawili, na nyuma yao nusu ya mtaa wamejazana mlangoni hadi mpiga mhuri ikabidi awafukuze. Efterpi alishuka kwenye teksi na sanduku dogo, akanibusu mkono mbele ya watu wote, wakili wangu akaona ni vibaya kwa kesi. Nikamwambia anyamaze.

Jaji Frangaki ni mwembamba, mkavu, haonyeshi kitu usoni. Akasema, "Bibi Karamanidou, tuonyeshe unavyovuta." Wafanyakazi wangu wananiangalia, mzee wa viatu ananiangalia. Nikachukua ufunguo, nikafungua komeo, nikasogeza magunia mimi mwenyewe, nikasema, "Mheshimiwa, hii ndiyo siri ya baba yangu."

Kisha kutoka mlangoni muuza samaki akasema, "Na sisi tulikuwa tunajua, Polixeni, tunajua tangu ile Jumapili. Ilipigwa kengele ya kanisa, na lori lako likapiga breki." Prodromos, walikuwa wanajua. Miaka mitatu na nusu wamekula na kunisifu mkono wa baba, ili nisione haya. Huo ndio mji niliodai mahakama yake.

Jaji akauliza upande wa Stuttgart uko wapi. Binti yako akavua pete, akanawa, akatandaza mafuta kwenye marumaru ya baba yangu. Akachukua donge.

Sitaweza kukueleza, na wewe umemwona kila siku, labda umeshazoea. Mimi sijazoea. Lilipanda likashuka, likapanda likashuka, na kila likishuka lilikuwa kubwa zaidi, na yeye hatazami mikono, anatazama mbele kama baba. Akalilaza, likafunika marumaru yote na kuning'inia pembeni. Akazunguka na kisu, akakata pindo lote. Nikasikia mtu analia kwa sauti, nikageuka kumwona ni nani, kumbe ni mimi.

Jaji hakuonja, ni Kwaresima. Aliomba ule mkataba wetu. Akainua utando kwa vidole viwili kwa adabu, akauingiza mkataba chini yake, akainama. Na akasoma, kwa ile lafudhi yake ya Krete, neno kwa neno, juu ya unga wa binti yako: "Mkataba huu utaongozwa na sheria za Ugiriki, na mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama ya Serres." Alichagua ukurasa huo makusudi, nilimwona. Halafu akasema, "Kwetu hatuvuti hivi," na sijui mtu wa Krete akisema hivyo imemgharimu kiasi gani.

Nimeondoa shauri hapohapo. Wakili wangu alisema ningoje, nikamwambia nimengoja miaka mitatu. Jioni nilipanda ngazi na kushusha kibao cha duka langu. Kifungu cha nne ni changu, na kinasema atakayetumia mashine atashusha. Efterpi aligombana nami chini ya ngazi hadi watu wakatoka madirishani. Hakuniweza. Kitarudi siku mikono itakaporudi dukani.

Nilichofanya asubuhi iliyofuata nataka ukijue kutoka kwangu. Nimetembea barabara nzima hadi sokoni, bila kibao, bila kesi, nimeshindwa mbele ya wote, na kila aliyenisimamisha nilimwambia: umemwona mtoto wangu? Nilimkatazia unga, na unga ukamfuata. Atakuwa wakili na mvutaji, na atakayemchagulia kimoja aje kwangu kwanza.

Niliposema kalamu, niliona haya juu ya mikono yetu, kumbaro. Hilo ndilo kosa langu kuliko ile mashine.

Sasa tengeneza mkataba upya. Kifungu cha nne kisiseme tena "kama unavyovutwa Serres". Kiseme "kama anavyovuta Efterpi Seferidou". Na kifungu cha kumi na tisa andika unavyotaka. Andika Stuttgart, andika Zurich ya Bwana Häberle. Utando ule utasomeka chini yake lugha yoyote watakayoleta.

Nisamehe.

Kumbara wako,
Polixeni


Stuttgart, 22 Aprili 1998

Kristo amefufuka, kumbara wangu.

Barua yako Bwana Häberle nilimsomea yote. Hakukohoa. Alifuta miwani muda mrefu, kisha akatoa kalamu, akaandika mkataba mpya siku hiyohiyo, na kwa kuwa ulitupa ruhusa, kwenye kifungu cha kumi na tisa akaandika Stuttgart. Alifurahi kama mtoto.

Efterpi anafanya mtihani Mei, na Juni anakuja kwako kiangazi chote. Amesema umtafutie wasichana wawili wenye subira na wasio na kucha ndefu, na akiondoka Septemba kibao kiwe kimepanda. Usibishane naye, hutaweza, nimejaribu.

Mkataba nimeufunga humu, utie saini pale chini. Utaona kwenye kifungu cha kumi na tisa pamefutwa neno moja kwa wino mweusi na juu yake pameandikwa jingine kwa mwandiko mbaya wa fundi wa giaboksi. Nilisubiri wakili aende nyumbani kwanza.

Nimeandika Serres.

Kumbaro wako,
Prodromos